Kilomita 128,000: Historia ya Gari la Umeme na Uamuzi wa Baba

Wakati wa likizo ndefu, Baba alinichukua tukaenda Nakawa, Kampala, kuangalia gari. Alikuwa amelisikia kwa dereva mwenzake. Lilikuwa Nissan Leaf la mwaka 2014 kutoka Japani, la rangi ya fedha, bila mkwaruzo wowote. Katika yadi hiyo, ambayo sisi Waganda huiita bondi, muuzaji alitufungulia mlango, akabonyeza kitufe, na taa za dashibodi zikawaka bila sauti yoyote. Baba alisubiri mngurumo. Haukuja. Kisha akainama kutazama hesabu ya mwendo: kilomita 128,000.

“Ssebo, hili halinywi petroli hata tone,” muuzaji alisema.

Baba ni dereva wa teksi ya kukodi mjini Jinja. Kabla ya hapo alikuwa utingo, kisha dereva wa malori kati ya Mombasa na Kampala, na ndiyo sababu nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili ingawa majirani wengi ni Wasoga. Alitaka kununua gari hilo kwa mkopo wa chama cha akiba, na dhamana ingekuwa hati ya kiwanja chetu cha Njeru. Mama hakukataa, ila aliuliza swali moja tu: “Na ada ya mwaka wa mwisho ya mtoto?” Mtoto huyo ni mimi. Kwa hiyo Baba alinipa kazi. “Wewe unasoma historia,” aliniambia. “Niambie magari haya yalitoka wapi na yaliwashinda watu wapi.”

Insha hii ni jibu langu kwake. Hoja yangu ni kwamba, katika historia ya miaka zaidi ya 120, gari la umeme halikushindwa kwa sababu ya mwendo wala kasi yake. Lilishindwa kwa sababu ya kuzeeka kwa betri, na kwa sababu ya kukosekana kwa huduma za kulihudumia pale lilipofanya kazi. Anayenunua gari la umeme lililotumika sana anapaswa kuanza na mambo hayo mawili kabla ya kusoma kilomita.

Nianze na neno. Kwa Kiswahili gari la namna hii huitwa la mtumba, kama vile nguo kuukuu. Zamani mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa, ule ambao mpagazi wa msafara aliubeba kutoka pwani kwenda bara. Aliyeununua mtumba bila kuufungua hakujua kilichomo ndani. Gari la petroli ni mtumba tunaojua kuufungua: fundi husikiliza injini, hutazama moshi, hunusa oili. Betri ya gari la umeme imefungwa chini ya sakafu, na haina moshi wala mlio. Hapo ndipo ugumu wa Baba ulipoanzia.

Betri inayoweza kuchajiwa tena ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ikitumia risasi na asidi. Mwaka 1881 Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa umeme katika mitaa ya Paris. Tarehe 29 Aprili 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alifikia kilomita 105 kwa saa katika gari la umeme, akawa mtu wa kwanza kupita kasi ya kilomita 100 kwa saa barabarani. Wakati huo magari ya petroli yalikuwa nyuma. Kwa hiyo anayedhani kwamba gari la umeme ni jambo la jana amekosea kwa zaidi ya karne moja.

Mfano uliomgusa Baba zaidi ni wa London, kwa sababu ulihusu teksi. Mwaka 1897 kampuni ya Walter Bersey ilianza kuendesha teksi za umeme katika jiji hilo. Watu waliziita kwa jina la ndege mdogo anayevuma, kwa ajili ya sauti na rangi zake. Zilikwenda takriban kilomita 48 kwa chaji moja, na betri zilibadilishwa kituoni kwa mashine badala ya gari kusubiri kuchajiwa. Wazo lilikuwa zuri. Lakini magari yalikuwa mazito, matairi yaliisha upesi, na mtikisiko wa barabara uliharibu betri. Gharama za matengenezo zilipanda kuliko nauli. Kufikia mwaka 1899 teksi hizo zilikuwa zimeondolewa barabarani. Baba aliposikia habari hii alicheka kidogo, akasema, “Barabara ya London ya wakati ule haikuwa mbaya kuliko ya kwetu ya Buwenge.”

Baadaye petroli ikashinda. Mwaka 1908 Ford ilitoa Model T, gari la bei ambayo watu wengi zaidi waliimudu. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kutumia kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, kazi iliyowavunja watu mikono. Ni jambo la kushangaza kwamba kifaa cha umeme ndicho kilichosaidia kuliondoa gari la umeme sokoni. Petroli ilikuwa inauzwa hata vijijini, ilhali umeme ulikuwa bado wa mijini.

Gari la umeme lilirudi kwa nguvu baada ya betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 kwa vifaa vidogo. Wanasayansi watatu waliochangia betri hiyo, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24, nayo haikuwa na mfumo wa kupoozwa kwa maji kama baadhi ya magari mengine ya umeme. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, Marekani, katika jimbo la jangwa, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipoteza uwezo mapema. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni iliongeza dhamana ya uwezo wa betri kwa wateja wa Marekani. Funzo la Phoenix ni kwamba joto linaweza kuizeesha betri kabla kilomita hazijawa nyingi.

Hata sisi Uganda tuna historia yetu. Novemba 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walizindua Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Iliripotiwa kwamba lingeweza kwenda hadi kilomita 80 kwa chaji moja. Ukitoka Jinja hadi katikati ya Kampala ni kilomita 80 hivi. Nilipomwambia Baba namba hiyo alinyamaza, kwa maana alijua ninakoelekea.

Sasa turudi kwenye zile kilomita 128,000. Kwa gari la petroli, namba hiyo husema mengi: pistoni zimechakaa kiasi gani, mkanda wa injini umebadilishwa au la, giaboksi imeshughulikiwa vipi. Mota ya umeme ina sehemu chache zinazosuguana. Haina oili ya injini wala klachi. Hata breki hudumu, kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Bushi, shokabzoba na matairi huchakaa kama kawaida, na hayo fundi yeyote wa Jinja anayajua. Lakini betri huzeeka kwa njia mbili, kwa kutumika na kwa kukaa tu. Gari lililotembea kilomita 128,000 kwenye baridi linaweza kuwa na betri nzuri kuliko lililotembea kilomita 60,000 kwenye joto kali.

Leaf lina vistari 12 vya uwezo wa betri upande wa kulia wa dashibodi. Kistari cha kwanza hupotea uwezo unapopungua kwa takriban asilimia 15. Kila kimoja kinachofuata hupotea kwa takriban asilimia 6. Gari la Nakawa lilikuwa na vistari 8. Maana yake ni kwamba betri ilikuwa imebaki na takriban asilimia 66 ya uwezo wake wa mwanzo. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Leaf la mwaka 2014 likiwa jipya lilikwenda kilomita 135. Asilimia 66 ya hizo ni kilomita 89.

Nilimweleza Baba pia kwamba vistari si ushahidi wa mwisho. Fundi asiye mwaminifu anaweza kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, na vistari vyote 12 vikaonekana kwa muda, kisha vikaanza kupungua mnunuzi akishalipa. Njia bora ni kuchomeka kifaa kidogo cha kupimia chini ya usukani na kusoma hali ya betri kwenye simu, au kulipima gari kwa safari. Sisi hatukuwa na kifaa. Tulimwomba muuzaji tuliendeshe hadi Mukono na kurudi, naye akakubali, akakaa nyuma.

Tuliondoka na asilimia 97. Baba aliendesha kama anavyoendesha akiwa na abiria, bila haraka, ingawa milima ni milima na foleni ya Kireka ilituchelewesha. Tuliporudi tulikuwa tumetembea kilomita 34, na dashibodi ilionyesha asilimia 53. Kilomita 34 zilikula asilimia 44. Nilipiga hesabu kwenye simu: chaji nzima ingetupa kilomita 77. Ukitoka Kampala na gari hilo likiwa limejaa, ungeuona Mto Nile kwa matumaini tu.

Hata hivyo Baba hakukubali kirahisi, na hoja zake zilikuwa na uzito. Alisema umeme unazalishwa kwetu: bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na nyaya zake zinapita juu ya paa za Njeru. Kwa nini anunue petroli inayosafirishwa kutoka Mombasa, barabara ambayo yeye mwenyewe aliibebea mizigo kwa miaka, huku maji yanazungusha mashine karibu na kitanda chake? Alisema tena kwamba abiria wake wengi ni wa hapa hapa mjini.

Kwa hoja hiyo ya mwisho tulifungua daftari lake. Baba huandika kila safari, tabia aliyoipata kwenye malori. Katika wiki nne zilizopita, siku nyingi hakuvuka kilomita 60, akizunguka kati ya Jinja, Njeru na Bugembe. Kwa kazi hiyo, hata betri ya vistari 8 ingetosha, mradi alichaji usiku. Lakini kulikuwa na safari sita za Kampala, na safari hizo sita zilileta karibu theluthi moja ya mapato ya mwezi. Akifika Kampala na betri tupu angehitaji kulichaji gari kwa muda wa saa sita au zaidi kwenye soketi ya kawaida, huku abiria wa kurudi akimtafuta dereva mwingine. Bersey aliweza kubadilisha betri London mwaka 1897 kwa sababu alikuwa na kituo chake. Baba hana kituo; ana soketi moja sebuleni na mita ya yaka.

Kuna jambo la pili. Betri iliyopoteza theluthi moja ya uwezo haiachi kuzeeka siku ya kubadilisha mmiliki. Mkopo ungekuwa wa miaka mitatu. Kama kistari kingine kingepotea katikati, kilomita zingepungua lakini rejesho la kila mwezi lingebaki vile vile. Na tulipouliza mafundi watatu wa Jinja, hakuna aliyewahi kufungua betri ya aina hiyo. Mmoja alisema kwa uaminifu, “Mzee, mimi nitajifunzia kwako.”

Kwa ushahidi huo nilimshauri Baba asilinunue gari lile. Sikumshauri aachane na gari la umeme. Nilimwambia kwamba Leaf lenye vistari 10, yaani takriban asilimia 79 ya uwezo, au la betri kubwa ya kilowati-saa 30 au 40 iliyotoka miaka ya baadaye, lingekuwa suala tofauti hata kama limetembea kilomita nyingi zaidi. Na kiwanja kisiwekwe dhamana kwa kitu ambacho thamani yake inashuka kimya kimya.

Baba alikaa siku mbili bila kunijibu. Siku ya tatu alimpigia muuzaji simu, akamshukuru, akasema bado anatafuta. Hati ya kiwanja ilirudi kwenye sanduku la Mama. Toyota yake ya zamani bado inanywa petroli, na kila akitoka kituo cha mafuta hunikumbusha kwamba ushauri wangu una gharama. Ni kweli, unayo. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari ameandika maswali matatu kwa herufi kubwa: VISTARI VINGAPI? LILIISHI WAPI? NANI ATALITENGENEZA? Kilomita ameziandika chini yake, kwa herufi ndogo.