Jua, Dira na Ncha za Dunia

Sisi wa Nyanda za Juu za Kusini twajua habari za chuma tangu zamani. Wapangwa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri zao kabla ya chuma cha madukani kufika. Mawe ya Liganga, iliyokuwa katika Mkoa wa Iringa hata mwaka wa 2012 na sasa imo katika Mkoa wa Njombe, huivuta sindano ya dira. Na huko Mbozi, iliyokuwa katika Mkoa wa Mbeya hata mwaka wa 2016 na sasa imo katika Mkoa wa Songwe, kimelala Kimondo, donge kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Mtu akivikaribia vitu hivi na dira mkononi, sindano huiacha kaskazini.

Lakini je, sindano yaweza kutikisika mahali pasipo chuma karibu, wala hakuna aliyeigusa? Yaweza. Kinachoitikisa kiko mbali nasi kilometa milioni 150, nacho ni jua. Na tueleze jinsi watu walivyolijua jambo hili, kwa kuwa njia waliyoipita ina fundisho kwetu.

Katika nchi zilizo karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia, anga huwaka usiku kwa nuru za kijani na nyekundu, zikipepea kama mapazia. Katika mwaka wa 1741 Olof Hiorter wa Uppsala, katika nchi ya Uswidi, aliona ya kuwa nuru zile zikitokea, sindano ya dira huhangaika. Siku ya 5 Aprili mwaka ule, George Graham aliona sindano yake ikihangaika vivyo hivyo kule London, umbali upitao ule wa kutoka Mbeya hata Dar es Salaam. Basi ikajulikana kwamba jambo hili si la mji mmoja. Likaitwa tufani ya sumaku.

Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua. Ghafula aliona mwanga mkali juu ya madoa yale, ukadumu kama dakika 5 tu. Saa 17 hivi baadaye tufani kubwa mno iliifikia dunia. Nuru za ncha zilionekana hata Kuba, na huko Marekani wapigaji wa simu za waya waliweza kupelekeana habari bila betri, kwa nguvu ya umeme ulioingizwa na tufani katika nyaya. Hata hivyo Carrington hakufanya haraka kusema kwamba mwanga ule ndio uliozaa tufani. Alionya kwamba jambo moja lililotokea mara moja halitoshi kuwa ushahidi.

Ushahidi ulitaka watu wengi. Karl Weyprecht, askari wa majini wa Austria, alishauri mataifa yaache kushindana nani afike nchani kwanza, bali yapime kwa pamoja, kwa saa moja na kwa kanuni moja. Alikufa mwaka wa 1881, kabla hajaliona shauri lake likitimizwa. Mwaka uliofuata vituo 14 vilianza kupima, 12 upande wa kaskazini na 2 upande wa kusini. Miaka 50 baadaye, katika 1932 na 1933, kazi ile ilirudiwa, na safari hii Afrika nayo ilishiriki: kituo cha kupima sumaku kiliwekwa Elisabethville katika Kongo, mji uitwao leo Lubumbashi.

Basi maana yake ni hii. Jua hutoa daima upepo wa chembe zenye umeme, na likichafuka hutupa mawingu makubwa ya chembe hizo. Sumaku ya dunia ni ngao yetu, lakini mistari ya nguvu yake huingia ardhini karibu na ncha mbili. Kwa njia ile chembe huteremka na kuiwasha hewa ya juu, na mikondo ya umeme hupita kama kilometa 100 juu ya ardhi, ikiitikisa dira. Ndiyo sababu ncha hupata taabu kuliko sisi.

Lakini hata sisi hatukusalimika. Jua likilipuka mchana, miali yake hutufikia kwa dakika 8, nayo huigeuza hewa ya juu hata ikameza mawimbi mafupi ya redio. Hapo msikilizaji wa Iringa au Mbeya aweza kuiona redio yake imenyamaza ghafula, nayo haina kasoro. Wala hakuna mkono wa mchawi.

Na hapa onyo la Carrington latufaa. Tarehe 10 Mei 2024 tufani kubwa kuliko zote tangu mwaka wa 2003 iliipiga dunia, na nuru zake zikapigwa picha hata Namibia. Tarehe 12 Mei intaneti ilipotea Tanzania, na shughuli nyingi za fedha na za ofisi zikakwama. Ilikuwa rahisi mtu kusema, “Ni jua.” Kumbe nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Mambo mawili yakifuatana, la kwanza si lazima liwe mzazi wa la pili.

Basi ninyi wanafunzi, msidhani elimu hii ni ya watu wa barafu peke yao. Shule yenye redio ya mawimbi mafupi na daftari yaweza kuandika kila siku saa ambayo sauti ilipotea na saa iliyorudi, kisha shule ya Mbeya ikalinganisha na ile ya Iringa. Hiorter naye alianza hivyo: sindano moja, kitabu kimoja, na subira ya kuandika kila saa.