Kaburi lina mwenyewe: heshima kwa wafu, tangu Sanga mpaka malalo ya miji yetu

Utangulizi

Kila mara tunapomupeleka mutu ku malalo, tunasikia wakubwa wakionya vijana: musipige kelele, musikanyage kaburi, vueni kofia. Ni mafundisho mazuri, na mutoto anapaswa kuyasikia mapema. Lakini ukimuuliza mukubwa yule sababu, mara nyingi anajibu kwa neno moja: «Ndiyo desturi.» Kwa mwalimu wa historia jibu hilo halitoshi. Desturi yenye watu wamesahau sababu yake haidumu. Siku moja kijana atauliza: mufu anasikia nini? Na sisi tutakosa la kumuambia.

Katika andiko hili ninataka kuonyesha, kwa mifano ya inchi yetu, kwamba heshima kwa wafu haikuanza na kofia wala na ukimya. Msingi wake ni kwamba kila mufu awe na mutu wa kumujibia. Mufu hawezi kusema «hapa ni pangu», hawezi kukataa, hawezi kushitaki. Kwa hiyo inaombwa muzima mumoja, ao jamaa nzima, wa kusema kwa jina lake. Kukiwa mutu huyo, heshima inabaki hata mifupa ikiguswa. Akikosekana, hata kaburi la simenti na marumaru halilindwi na kitu.

1. Wafu wa Sanga

Tuanze mbali. Katika bonde la Upemba, pale Lualaba inapopita kati ya maziwa mengi, katika jimbo lenye tangu 2015 linaitwa Haut-Lomami, kuna fasi inayoitwa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimbua pale. Mwaka 1958 Jean Hiernaux akaendelea. Na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akarudi Sanga na kufika fasi zingine za bonde lile, kama Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla yalifunuliwa makaburi zaidi ya mia moja. Mengi ni ya kati ya karne ya 8 na karne ya 14, na mengine yanafuata mpaka karibu na karne ya 18. Wakati makaburi ya kwanza yalipochimbwa, hakukuwa bado misionere, wala muzungu, wala buroo ya Leta ya kutoa ruhusa ya kuzika.

Ndani ya makaburi walikuta vyungu vingi, visu na mashoka ya chuma, bangili na minyororo ya shaba, pembe za tembo zilizochongwa, ushanga, na hata simbi zenye zilitoka mbali kabisa, ku Bahari ya Hindi. Vyungu vingi havikuwa na alama ya moto wala ya kutumiwa. Maana yake, vilifinyangwa kwa ajili ya mufu mwenyewe.

Hapa ninaomba musomaji asimame kidogo. Watoto nao walizikwa na vyungu, na mara nyingi ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa mutoto: mutoto mudogo, chungu kidogo. Mutoto hajafanya kazi, hajaoa, hajawa chifu, hana mutu anayemuogopa. Tena hatarudi kulipiza kisasi kama mukubwa aliyeonewa. Lakini mutu mumoja alikaa chini, akakanda udongo na kufinyanga chungu cha kipimo cha mutoto wake. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba bankambo waliheshimu wafu kwa sababu ya woga tu, waangalie vyungu vile.

Katika makaburi ya nyuma walikuta pia misalaba ya shaba, ile yenye watu wa Katanga tunaijua vizuri. Kwanza ni mikubwa kidogo, na imewekwa ku kifua cha mufu. Kisha, karne zilipopita, inakuwa midogo na mingi, mikononi ao kiunoni, na wenye elimu wanasema kwamba ilikwisha kuwa feza ya kununulia. Ni mali ya kweli iliyoshuka kaburini, na karne nyingi zikapita ikiwa bado pale. Kulikuwa watu juu ya udongo ule wenye walijua kwamba mali hiyo ina mwenyewe.

Katika kaburi moja la Kamilamba kulikuwa shoka ya heshima pamoja na fuawe, kile chuma chenye wahunzi wanafulia juu yake, karibu na kichwa cha mufu. Mashoka ya namna hiyo yaliendelea kuwa alama ya ukubwa kwa machifu wa Baluba mpaka nyakati zetu. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja ya kukumbuka.

Lazima tuseme neno pia juu ya uchimbuzi wenyewe. Bila kazi ya wale wenye elimu, tusingejua hata nusu ya haya, na vitabu vingeendelea kusema kwamba historia yetu ilianza na Stanley. Tunawashukuru. Lakini kila mufu aliyetoka katika udongo alipewa namba, na vitu vyake vikaenda, vingine ku Muzeo ya Taifa ya Lubumbashi, vingine Tervuren, kule Belgiki. Wafu wale walikuwa na wenyewe kwa karne nyingi, leo wanajibiwa na karatasi ya muzeo. Kuchimbua si kuiba, ikiwa yule anayechimbua anakubali kujibu: ameomba ruhusa kwa nani, anaweka wapi, na wajukuu wamepata nini.

2. Mufalme wa Baluba na mulinzi wake

Mutu anaweza kusema: basi heshima ni kutogusa mifupa hata kidogo. Baluba wenyewe wanatuonyesha kwamba si hivyo.

Mulopwe alipokufa, inaelezwa kwamba watu waligeuza maji ya muto, wakachimba kaburi katika udongo wa chini, wakamuweka, kisha wakayaachilia maji yapite juu yake. Hakuna mwizi wala adui wa kufika pale. Lakini si mwili wote ulioenda na maji. Fuvu la mufalme liliwekwa katika kikapu kitakatifu kinachoitwa dikumbo, na kikapu kile kikakabiziwa mwanamuke mumoja, mwadi. Yeye alikaa katika muji wa mufalme aliyekufa, na muji ule ukaitwa kitenta. Mufalme mupya hakuketi pale. Alijenga muji wake fasi ingine. Kwa maana roho ya mufalme ilikaa ndani ya mwadi, alipewa heshima na zawadi kama mufalme mwenyewe, na watu walikwenda kumuuliza mambo makubwa ya inchi.

Tuone vizuri: kichwa kilitengwa na mwili, kikawekwa ndani ya chombo, kikahifaziwa miaka na miaka. Hata hivyo hakuna Muluba aliyesema kwamba mufalme ametukanwa. Sababu ni wazi. Jina lake lilijulikana, mulinzi wake alijulikana, na kama mutu angetaka kujua «yuko wapi?», jibu lilikuwepo.

3. Fuvu la Lusinga

Sasa twende mashariki, ku ziwa Tanganyika, kwa Batabwa, upande wa Moba. Mwaka 1883 ofisa mumoja Mubelgiji, Émile Storms, alijenga kituo pale Mpala kwa jina la Shirika la Kimataifa la Afrika, lenye mufalme Léopold II alilianzisha. Katika milima ile kulikuwa chifu mwenye nguvu, Lusinga, mwenye bunduki na mufanyabiashara ya watumwa. Hao wawili hawakuweza kukaa pamoja. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia muji wa Lusinga, wakamuua, wakamukata kichwa.

Storms aliporudi Ulaya alibeba fuvu lile, pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili. Mwaka 1886 munganga Émile Houzé alilipima na kuandika juu yake, katika zile hesabu za wakati ule zenye zilitaka kuonyesha kwamba mutu mweusi ni wa chini. Nyuma ya pale fuvu likawekwa, na mwisho likafika ku Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili kule Bruxelles. Storms alichukua pia sanamu ya bankambo wa Lusinga, nayo ikafika Tervuren. Watu wengi wa Belgiki walipata habari hiyo katika mwaka 2018 tu, wakati muandishi Michel Bouffioux alipoitangaza.

Tulinganishe. Kwa Baluba kichwa ndani ya kikapu. Kwa Wabelgiji kichwa ndani ya sanduku. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kule dikumbo ilikuwa na mwadi wa kumujibia mufalme, na huku sanduku lilikuwa na namba.

Wengine wataniambia: Lusinga mwenyewe aliuza watu, kwa nini kumulilia? Swali ni la haki. Wale aliowauza nao walikuwa na wazazi, na wengi wao hatujui walizikwa wapi. Lakini malalo si tribinali. Mutu anahukumiwa akiwa muzima, mbele ya wale aliowakosea. Akiisha kufa, maiti yake ni ya jamaa yake. Tukianza kuchagua wafu wenye kustahili kaburi, hatutajua kusimama wapi, na kila mwenye bunduki atafanya orodha yake.

Tarehe 3 Julai 2022 Belgiki ilitoa sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Lakini mifupa ya watu haimo katika sheria ile. Maana yake, sanamu ya bankambo inaweza kuombwa kwa njia hiyo, fuvu la mutu haliwezi.

4. Jino moja

Habari ya Lumumba inajulikana, nitaipitia kwa haraka. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa hapa kwetu Katanga, upande wa Shilatembo. Waliowaua waliogopa kaburi lao kuliko wao wenyewe, maana kaburi linakusanya watu. Kwa hiyo miili ilifukuliwa, ikakatwa, ikayeyushwa ndani ya asidi. Polisi mumoja Mubelgiji, Gérard Soete, alibaki na jino la Lumumba kama mutu anayebaki na ukumbusho wa safari.

Jino lile lilirudishwa kwa jamaa tarehe 20 Juni 2022, likazungushwa katika inchi, likapita Kisangani na Lubumbashi, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kulikuwa watoto wenye walidai, na hiyo ndiyo sababu limerudi. Mpolo na Okito hawakupata hata kiasi hicho. Na katika Novemba 2024 watu waliliharibu jengo lile la Kinshasa. Basi hata mufu wa taifa zima, taifa lisipomuangalia kila siku, anabaki peke yake.

5. Malalo ya miji yetu

Tuje kwetu. Kila mukaaji wa muji anajua yanayotendeka: misalaba ya chuma inaibwa, mabamba ya makaburi yanauzwa tena, vijana wanakunywa juu ya kaburi, na nyumba zinasogea mpaka zinaingia katikati ya wafu. Kule Kinshasa malalo ya Kintambo yalifungwa kwa sheria, lakini watu waliendelea kuzika pale pale juu ya wengine. Mwanaantropolojia Filip De Boeck alionyesha mambo hayo katika filme yake ya mwaka 2010, pamoja na vijana wanaochukua kilio mikononi mwao, wanawatukana wazee na kuwashitaki kwamba ndio walioua.

Tunapenda kusema kwamba vijana wamekosa adabu. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Muji wetu wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910, na Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 mpaka Ruanda-Urundi. Wengi walikufia ndani ya kambi, mbali na ndugu zao. Wazungu walikuwa na malalo yao, weusi na yao. Kwa hiyo tangu mwanzo muji ulikuwa na wafu wasio na mwenyewe. Ku kijiji mufu alilala nyuma ya nyumba ya wajukuu wake. Ku muji alilala kati ya watu asiowajua. Mwizi wa musalaba ni mwizi, lakini anaiba pale penye anaona hakuna mutu amefika tangu miaka kumi. Kufa kufaana, wakubwa walisema.

Mwisho

Katika darasa ninawaomba wanafunzi waandike jina la nkambo mumoja na fasi alipozikwa. Jina wanaleta wengi. Fasi wanaleta wachache. Basi kazi yetu inaanzia pale.

Kila jamaa iwe na kitabu kidogo cha wafu wake: jina, mwaka, malalo gani, upande gani. Mara moja kwa mwaka, watoto wapelekwe kulima majani, si wakubwa peke yao. Komini iandike makaburi yote, na isigawe parseli pale penye watu wamelala bila kuwaita wenyewe na kuwapa muda wa kuhamisha. Na sisi walimu, tunapofundisha Sanga, tusihesabu vyungu tu. Tuseme vilifinyangwa kwa ajili ya nani.

Kuvua kofia ni vizuri, na tuendelee kuvua. Lakini mufu anaombea kitu kikubwa zaidi: siku mutu atakapofika na jembe, ao na karatasi ya parseli, ao na sanduku la muzeo, na kuuliza «huyu ni wa nani?», tuwepo wa kujibu: «Ni wetu.»