Njia ya Bububu na shimo la Mangapwani

Ndugu msikilizaji, mgeni akifika Unguja akasema ana siku moja tu ya kutembea, wengi wetu tutampa shauri lile lile: kodi gari, shika njia ya Bububu, bahari iwe mkono wako wa kushoto, nenda mpaka nchi iishe. Ni shauri jema. Kutoka Malindi hadi Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Njia nzima ni minazi, miembe mikongwe na ngalawa, na hapa na pale bahari inachungulia kati ya nyumba.

Nami nilifanya hivyo hivyo nilipopata wageni, shemeji yangu na mkewe, wenyeji wa Tabora. Dereva wetu alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa huko huko kaskazini, mwenye kofia ya viua na maneno machache. Nilimtajia mahali tutakaposimama: Maruhubi, Mtoni, Bububu, Nungwi, na wakati wa kurudi, Mangapwani. Hapo akanikatiza.

"Mangapwani hapana cha kutizama, bwana. Shimo tu."

Nikalitia neno lake akilini, tukaondoka.

Maruhubi iko karibu sana na mjini, hata hujakaa vizuri kwenye kiti umeshafika. Ni mabaki ya jumba la Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Jumba lilikamilika mwaka 1882. Husimuliwa kuwa liliwekwa kwa ajili ya mke wake mmoja na masuria 99. Moto uliliteketeza mwaka 1899, na kilichosalia ni safu za nguzo nene zilizokuwa zimebeba baraza ya juu, pamoja na mahamamu yake ya mawe. Shemeji alizihesabu nguzo kwa sauti, mkewe akapiga picha.

Mwendo mfupi mbele yake ni Mtoni, na hapa ndipo waongozaji wa wageni hukaa sana, kwa sababu Mtoni ina hadithi. Jumba hilo ni la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akafa baharini mwaka 1856. Humo alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Mwaka 1866 Salme, aliyependana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka, baadaye akabatizwa, akaitwa Emily. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa lugha ya Kijerumani. Kila mgeni anayeshuka Mtoni anaelezwa habari za bustani, tausi, mahamamu na mapenzi ya binti mfalme.

Nisieleweke vibaya, hadithi hiyo mimi naipenda. Lakini wanaoisimulia hupita mbio mahali pawili. Kwanza, mama yake Salme, Bibi Jilfidan, hakuja Unguja kwa hiari. Alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Circassia, kwenye milima ya Kaukasi. Vita viliwaangamiza wazazi wake, naye akanyakuliwa akiwa mdogo, akauzwa, mpaka akaangukia katika nyumba ya Seyyid Said. Pili, katika kitabu hicho hicho binti wa mwanamke huyo aliutetea utumwa wa Mashariki, akisema Wazungu wanaupima kwa kipimo cha utumwa wa Marekani. Nilipowaeleza wageni wangu hayo pale kwenye magofu, mke wa shemeji aliishusha kamera. Akauliza: "Na mama yake hakumwambia?" Kumbe alimwambia, kwa sababu habari za mama yake tunazijua kutoka kwake yeye Salme.

Tulipita Kibweni bila kusimama. Lile jumba la Sultani Khalifa bin Harub, lililojengwa mwaka 1915, liko ndani ya uzio wa serikali, na mtu hana la kufanya zaidi ya kupungia mkono.

Bububu nayo ina jambo la kuchekesha. Ukiuliza asili ya jina hili utaambiwa ni mlio wa gari moshi, bu-bu-bu. Ni kweli palikuwa na reli. Kampuni ya Kimarekani iliijenga, ikaanza kazi mwaka 1905, ikitoka ubavuni mwa Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili 7 hivi, na ilidumu hadi miaka ya 1920. Abiria wa meli kubwa zilizotia nanga bandarini waliipanda kwenda kutazama mashamba, kwa hiyo matembezi haya ya siku moja ni ya zamani kuliko gari la abiria. Lakini jina halikutoka kwenye reli. Salme aliwahi kuishi Bububu na ameitaja kwa jina hilo hilo katika kitabu chake cha 1886, wakati reli yenyewe haijaotwa. Afadhali tuwasikilize wale wanaosema ni mlio wa chemchemi za maji, ambazo zipo mpaka leo. Hivi ndivyo tunavyofanya na historia: likitokea jambo lenye kelele, tunalipa sifa za lile lililokuwepo kimya kabla yake.

Baada ya Chuini, ambako Barghash alikuwa na jumba jingine, barabara kuu huachana na bahari na kupita mashambani hadi Mahonda, kisha Mkokotoni, na bahari inarudi. Ng'ambo yake ni kisiwa cha Tumbatu. Mwanajiografia Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, alikwisha kuandika kuwa watu wa Tumbatu ni Waislamu. Kusini ya kisiwa hicho yapo magofu ya mji wa wakati huo, na msikiti wake ulioelekea maji. Halafu Fukuchani, penye nyumba ya mawe ya karne ya 16 ambayo kwa miaka mingi iliitwa nyumba ya Wareno. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema ni kazi ya Waswahili wenyewe. Ajabu ni kwamba sisi tulioijenga ndio tuliokubali upesi kuwa imejengwa na mgeni.

Nungwi tulikula samaki wa kuchoma, tukatazama mafundi wakigonga misumari kwenye jahazi jipya. Hoteli zimejaa siku hizi, sitapoteza muda wenu kuzieleza.

Alasiri tuligeuza. Tulipofika njia panda ya kwenda Mangapwani na Bumbwini, dereva alipunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia: "Mzee, twende." Akakata kona.

Ndugu msikilizaji, hapa sharti turudi nyuma kidogo, maana bila tarehe shimo hili ni shimo tu kweli, kama alivyosema dereva wetu. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Hakupenda. Mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alikuwa ameshakuja mwaka huo huo akashindwa kumshawishi, na saini ilipatikana pale tu Balozi John Kirk alipomwambia kuwa manowari zitaufunga mlango wa bandari yake. Soko la Mkunazini likafungwa, na juu ya kiwanja chake Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu.

Lakini sikilizeni vizuri kilichopigwa marufuku. Ni kusafirisha na kuuza. Kumiliki mtu kuliendelea kuwa halali kisiwani hadi mwaka 1897, na hata hapo sheria iliwalipa fidia wenye watumwa, si watumwa. Masuria hawakuguswa hadi 1909. Maana yake ni kwamba Maruhubi, jumba lile la nguzo alizohesabu shemeji, lilijengwa baada ya mkataba, mikono ya watumwa ikiwa bado mali halali ya watu.

Na mahitaji yalikuwepo. Mwaka mmoja kabla ya mkataba, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeng'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mashamba yalitaka kupandwa upya, na Pemba, ambayo ilinusurika, ilitaka wachumaji wengi kuliko zamani. Arabuni nako wanunuzi walikuwepo. Kwa hiyo bidhaa iliyokatazwa mjini ikahamia pwani zenye giza. Waingereza waliweka bandarini meli kubwa, HMS London, tangu 1874 hadi 1884, na mashua zake zilizunguka visiwa hivi kukamata majahazi. Kazi hiyo haikuwa ya mzaha: nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwaka 1881 alipokabiliana na jahazi la watumwa.

Ndipo Mangapwani inapoingia. Shimo lile husimuliwa kuwa lilichimbwa na tajiri Mohammed bin Nassor Al-Alwi, mahali pa kuwaficha watu mpaka usiku jahazi litakapokuja kuwachukua. Ni vyumba viwili vilivyochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe na kufunikwa paa zito la mawe. Ukiwa umesimama mbali kidogo huoni kitu ila kichaka na jiwe. Unateremka ngazi nyembamba, joto linakupokea, na macho yanachukua muda kuzoea. Bahari iko hatua chache tu kutoka hapo. Unaisikia. Hao waliokuwa ndani waliisikia pia, na wengi wao walikuwa hawajaiona maishani hadi wiki walipoletwa pwani.

Shemeji yangu alikaa chini humo kuliko sisi sote. Alipotoka aliniuliza kama njia iliyotoka kwao iliishia hapa. Nilimjibu ninavyojua. Wengi wa waliouzwa Unguja walitoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Wengine walitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na hao walipitia Tabora hadi Bagamoyo. Wanyamwezi wenyewe walikwenda pwani zaidi kama wapagazi, kwa ujira, na walijivunia safari hiyo. Akanyamaza. Halafu akasema: "Basi walipita mbele ya nyumba zetu." Sikuwa na la kuongeza.

Mimi nimekuwa nikijiuliza kwa nini njia hii yote ina majina ya waliokuwa juu tu. Nguzo ni za Barghash, bustani ni ya Said, mapenzi ni ya Salme, hata shimo lina jina la tajiri aliyelichimba. Waliochota chokaa, waliochoma matumbawe, waliokaa gizani wakingoja pepo za kusi zivume jahazi lielekee Arabuni, hakuna aliyeandikwa. Wala si kwamba walitoweka. Wengi walibaki, wakaoa, wakaolewa, wakazaa, wakawa Waunguja na Wapemba kama wengine. Mwimbaji tunayempigia saluti hapa redioni kila tunapocheza taarabu ya zamani, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba, upande wa kusini wa kisiwa hiki, mwaka 1880 hivi, miaka saba baada ya mkataba, na jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata ukubwani. Tunalitaja la pili kwa fahari na la kwanza kwa kunong'ona.

Jirani na jirani wa barazani hawaulizani babu yako alikuwa nani, na adabu hiyo naiheshimu, kwa sababu kisiwa hiki kimeshaona, mwaka 1964, nini hutokea hesabu za mababu zinapotolewa hadharani kwa hasira. Lakini kutoulizana barazani ni jambo moja. Kumpitisha mgeni kando ya shimo na kumwambia hapana kitu ni jambo jingine, kwa maana huyo mgeni huenda ndiye mwenye haki kuliko sote ya kuteremka ngazi zile.

Tulirudi magharibi inakaribia. Kabla ya Bububu tulikuta foleni ndogo, ng'ombe wa mtu wamekatiza barabara. Dereva alizima injini. Kwa siku nzima hakuwa amesema maneno ishirini, na sasa akaanza mwenyewe, akitazama mbele.

"Mama yake bibi yangu alishushwa upande ule ule," akasema. "Si hapo shimoni, sijui. Lakini upande ule. Mtoto."

Shemeji akasogea mbele kwenye kiti. "Alikuwa wa wapi, mzee?"

"Bara."

"Bara wapi?"

"Alikuwa mdogo, hakujua kupataja."

"Na aliitwa nani?"

Ng'ombe wa mwisho alivuka. Mzee aliwasha gari, akaingiza gia, akasema: "Kwao aliitwa nani hatujui. Hapa alipewa jina la siku aliyofika."