Penseli na Kifutio

Mwezi wa Agosti 1988 nilikuwa karani wa sensa hapa Ukonga. Tulipewa madodoso, penseli na kifutio, tukaambiwa tumhesabu kila mtu aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 28. Mgeni ahesabiwe pale alipolala; mwenyeji aliyesafiri asihesabiwe kwake. Darasani lilikuwa jambo jepesi.

Mjumbe wa nyumba kumi alinitangulia mlango kwa mlango. Tulipokewa vizuri mpaka tulipofika kwa mzee mmoja aliyeketi barazani. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, mkishatuhesabu mtatukata nini?"

Mjumbe akacheka. Mimi sikucheka, kwani swali lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza nao wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922, na kwa miaka mingi idadi ya Waafrika wa Tanganyika ilikuwa ya kukisia tu, kwa kutazama madaftari ya kodi. Sensa ya kweli iliyowahusu Waafrika ilifika mwaka 1948. Kabla ya hapo, mtu akimwona karani na daftari alijua anadaiwa. Mzee alisimulia kwamba baba yake alikuwa akienda kulala katika msitu wa Pugu kila waliposikia karani anakuja. Nani amlaumu? Na kodi ya maendeleo nayo ilikuwa imeletwa katika miaka ile ile ya themanini, basi hata mimi sikuweza kumwapia kwamba hakuna cha kukatwa. Nilimweleza habari za shule na zahanati. Alinisikiliza kwa adabu, akamwita binti yake aje kujibu.

Mama yule alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Alijibu yote upesi: majina, umri, kazi. Nikafika kwenye swali la watoto aliowazaa hai.

"Wanne."

"Waliofariki?"

Akanyamaza. Kwetu hata mtoto aliye hai hahesabiwi kwa kidole, sembuse aliyezikwa. Jua lilikuwa kali na nyumba zilikuwa bado nyingi. Nikaandika sifuri, nikashukuru, nikaondoka.

Tulikuwa tumefika kwenye mkorosho wa jirani aliponifuata.

"Mwalimu, umewaandika wangapi waliokufa?"

Nikamwambia.

"Futa. Ni wawili." Akataja majina yao, mmoja mmoja, polepole, akingoja niandike. Dodoso halikuwa na nafasi ya majina yao. Nilifuta sifuri nikaweka 2, nikafuta 4 nikaweka 6. Alisimama akitazama mkono wangu mpaka nilipomaliza.

Sensa ile ilipata watu milioni 23 na ushei nchi nzima. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba kutokana na majibu ya akina mama ilikadiriwa kuwa watoto 115 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wataalamu wana njia zao za kusahihisha makosa ya makarani, nami nawaamini. Lakini kabla ya nyumba ile, asubuhi hiyo hiyo, nilikuwa nimekwisha andika sifuri tano. Sikurudi kuziuliza.