Utafiti wa mitambo ya baridi inayookoa umeme: Serikali hulipia nini, na mfanyabiashara anapata nini?

Mbugangari ni mtaa wa mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, jirani na mpaka wa Petite Barrière unaoelekea Goma. Sambaza, nyama, maziwa na nyanya ni bidhaa zisizosubiri. Zikicheleweshwa bila baridi, hasara ni ya mwenye mzigo. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla hakijafika kwa muuzaji wa rejareja.

Nani analipia utafiti?

Mwaka 2020 serikali za Rwanda na Uingereza, kwa ushirikiano na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), zilianzisha kituo cha ACES, chenye makao yake Rubirizi, Kigali. Kituo hicho hushughulikia utafiti wa mitambo ya baridi inayotumia umeme kidogo kwa ajili ya mazao, pamoja na mafunzo kwa mafundi.

Fedha za umma zinahitajika kwa sababu mwagizaji mmoja hawezi kugharimia majaribio ambayo washindani wake watayatumia bure. Asipolipa mtu, kila mmoja hununua jokofu kwa kubahatisha.

Sheria na gesi

Aidha, mkakati wa taifa wa Rwanda wa mwaka 2019 uliweka viwango vya chini vya ufanisi wa umeme kwa majokofu na viyoyozi. Nayo Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yanapunguza gesi za HFC. Kwa kundi la nchi ambamo Rwanda imo, matumizi hayo yalitakiwa kutovuka kiwango cha msingi kuanzia mwaka 2024, yapungue kwa asilimia 10 mwaka 2029 na kwa asilimia 80 ifikapo 2045.

Pengo lililopo

Mpango wa mikopo wa R-COOL GO, uliobuniwa nchini Rwanda ili wananchi wanunue majokofu bora, uliwalenga watu wenye mishahara, ambao marejesho yao hukatwa kazini. Hata hivyo, mchuuzi wa mpakani hana mshahara wa kukatwa. Matokeo ya utafiti yanaweza kuwa mazuri na bado yasimfikie.

Kabla ya kununua

Msafirishaji anayenunua lori la baridi lililotumika asome kibao cha mtambo. R-404A huongeza joto la dunia zaidi ya mara 3,900 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksidi. R-134a ni mara 1,430. Zote mbili ni HFC, hivyo ugavi wake utazidi kubanwa. Aulize pia gharama ya umeme au dizeli kwa mwezi: bei ya kununulia hulipwa mara moja, nishati hulipwa kila safari.