Nani Anainuka Kutunza? Albamu ya Apocalypso Ikisikilizwa Kutoka Westmead

Albamu ya Apocalypso ya kundi la The Presets ilitoka Australia mwezi Aprili 2008 na kuingia moja kwa moja nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya nchi hiyo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilitwaa tuzo ya ARIA ya Albamu Bora ya Mwaka, na watungaji wake, Julian Hamilton na Kim Moyes, wakatajwa Kundi Bora. Sifa nyingi ilizopewa wakati ule zilihusu sauti: besi nzito, midundo ya mashine iliyopangwa kwa ustadi, na ujasiri wa vijana wawili waliosomea muziki wa kitaaluma katika Conservatorium ya Sydney kisha wakaamua kuwachezesha watu klabuni. Jambo lililoguswa juu juu ni kwamba wimbo mashuhuri kuliko zote katika albamu hiyo, "My People", uliotangulia kutolewa mwishoni mwa 2007, unahusu watu waliofungiwa katika vituo vya kuzuilia wahamiaji. Hamilton mwenyewe amelieleza hilo. Hata hivyo, maelfu waliuimba kwenye matamasha bila kumfikiria mtu yeyote aliye nyuma ya uzio.

Je, ujumbe ulipotea? Wapo watakaojibu haraka kwamba ndiyo, na kwamba muziki wa kucheza hauwezi kubeba hoja nzito. Nalikataa jibu hilo. Makala haya yanadai kwamba siasa ya wimbo wa kucheza hukamilishwa na msikilizaji mwenye uwezo wa kuinuka mbele za watu na kuudai kuwa wake. Kwa kipimo hicho Apocalypso ni kazi kubwa iliyobaki na pengo, na pengo lenyewe linaonekana vizuri zaidi mtu akiisikiliza albamu kutoka magharibi ya Sydney, hasa Westmead, kuliko akiisikiliza kutoka klabu za katikati ya jiji.

Westmead haina sifa ya muziki. Inajulikana kwa hospitali yake kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1978, na kwa hospitali ya watoto iliyohamishiwa hapo kutoka Camperdown mwaka 1995. Iko jirani na Parramatta, katika ardhi ya Waburramattagal, ukoo wa Wadarug, na sehemu kubwa ya wakazi wake wa leo walizaliwa ng'ambo, wengi wao India. Karibu na hapo, ukingoni mwa mto Parramatta, bado yamesimama majengo ya Female Factory, ambako serikali ya kikoloni iliwafungia wanawake wahalifu waliosafirishwa kutoka Uingereza na Ireland. Ukielekea kusini, mwendo mfupi kwa gari, unafika Villawood. Pale palikuwa na hosteli ya kuwapokea wahamiaji wa Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia; kuanzia 1976 pakawa na kituo cha kuwazuilia wageni wasio na vibali. Kwa hiyo anayeishi upande huu wa jiji anaishi baina ya mahali pa kuponya na mahali pa kufungia, na ule wimbo wa klabuni, kwake yeye, unahusu mtaa wa jirani.

Historia ya sheria inaupa wimbo uzito wake. Mwaka 1992 bunge la Australia lilipitisha sheria iliyolazimisha kuzuiliwa kwa watu walioingia kwa mashua bila viza. Agosti 2001 meli ya Kinorwe, Tampa, iliyokuwa imewaokoa watu 433 baharini, ilizuiwa kuwashusha katika ardhi ya Australia, na muda mfupi baadaye waomba hifadhi wakaanza kupelekwa Nauru na kisiwa cha Manus. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Al-Kateb, iliamua kwamba mtu asiye na nchi ya kumpokea anaweza kuzuiliwa bila kikomo cha muda. Hebu tulitafakari hilo kidogo: mtu hajashtakiwa kwa kosa, hajahukumiwa, wala hakuna tarehe ya kutoka. Katika hali hiyo ndipo Hamilton na Moyes walipoandika wimbo wao. Serikali ya John Howard iliangushwa katika uchaguzi wa Novemba 2007, na wimbo ukapanda chati wakati nchi ikijiuliza itakuwa nchi ya namna gani.

Sasa tuusikilize wenyewe. "My People" hauna masimulizi ya kesi wala hautaji mahali. Mwimbaji anatoa maneno mafupi, makavu, kwa sauti ya chini inayokaribia amri, na ngoma ya mashine inapiga pigo lilelile bila kupumzika. Wimbo unakusanya nguvu, unabana, unaachia, kisha unabana tena. Katika muziki wa klabu mbinu hiyo ni ya kawaida kabisa. Kila mtayarishaji anajua jinsi ya kuwasubirisha wachezaji hadi pigo lirejee. Hapa mbinu imefanywa kuwa hoja. Msikilizaji anafungiwa ndani ya marudio, kisha anaahidiwa kutoka, na mwili wake unatamani mlango kabla akili yake haijajua ni mlango gani. Naona huo ndio ubunifu mkubwa wa albamu nzima. Inaanza na "Kicking and Screaming", wimbo wa vurugu za makusudi, inapita katika mapenzi ya "This Boy's in Love", inatulia katika "If I Know You", na kuishia na "Anywhere". Nyimbo hizi hazihusu wakimbizi, na si haki kuzilazimisha zihusu. Ila zote zina hamu ya kuvuka, kufika kwingine, kuwa pamoja na mtu aliye mbali, na "My People", ukiwa wimbo wa pili, unaitia hamu hiyo doa la kisiasa ambalo halifutiki hadi mwisho.

Wanaodai kwamba mdundo uliuficha ujumbe wanasahau kwamba kuficha ni kazi ya heshima katika ushairi. Sisi wa pwani ya Uswahilini tunalijua hilo tangu zamani. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na kurekodi sahani za santuri zilizomfanya maarufu Afrika Mashariki yote, aliimba wimbo wa "Kijiti" kuhusu mauaji ya mwanamke mgeni Zanzibar: mtuhumiwa akatorokea bara, na mashahidi ndio walioadhibiwa na mahakama ya kikoloni. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi nyimbo kama hiyo zilivyokuwa ukumbi wa hukumu kwa watu wa mtaa wa Ng'ambo huko Zanzibar, waliokosa sauti mbele ya hakimu. Watu walistarehe, wakatikisa vichwa kwa utamu wa udi na fidla, na papo hapo wakaihukumu mahakama. Starehe na hukumu zilikaa mkeka mmoja.

Lakini kuna sharti. "Kijiti" ulifanya kazi kwa sababu waliousikiliza waliijua kesi, waliwajua wahusika, na wengine walikuwa majirani zao. Kelly Askew, katika utafiti wake wa taarabu ya Tanga, anaeleza kwa kirefu desturi ya kutunza: mwanamke anainuka wakati wa ubeti fulani, anacheza taratibu hadi mbele, anampa mwimbaji fedha, na ukumbi mzima unaelewa kwamba ubeti ule sasa ni wake, na kwamba kuna mtu pale ndani ambaye umempata. Mtunzi alitunga fumbo; anayetunza ndiye anayelifumbua bila kusema neno. Asipoinuka mtu, wimbo unabaki mzuri na mtupu. Wahakiki wetu wamezoea kuitazama desturi hii kama pambo la sherehe au chanzo cha ugomvi wa mipasho. Mimi naiona kuwa nadharia kamili ya jinsi maana ya wimbo inavyozaliwa hadharani, na sioni kwa nini ibaki Tanga na Unguja wakati inaweza kutusaidia kuisikia Sydney.

Basi tuulize: "My People" ulipopigwa, nani aliinuka? Waliokuwa ukumbini walikuwa vijana wa Australia wenye tiketi mikononi. Waliruka, wakaimba kiitikio kwa pamoja, na wakajisikia wao ndio watu wanaoimbwa. Hilo si kosa lao, maana wimbo wenyewe unamwalika kila mtu kujiona ndani. Aliyezuiliwa Villawood hakuweza kufika. Kwa maana hiyo fumbo lilikosa mtu wa kulifumbua mbele ya hadhira, na makofi yote yakaenda kwa watunzi. Wakati wa tuzo majaji walipima ufundi wa rekodi, na ufundi ulistahili. Mada yake haikuwa na mtetezi ndani ya ukumbi aliyeijua kwa mwili wake.

Wapo wasikilizaji wengine wa magharibi ya Sydney wanaolifanya suala hili kuwa gumu zaidi, nao ni wale wanaozungumza lugha yetu. Wakongo, Warundi na wengine waliotoka katika kambi za Afrika Mashariki wamepewa makazi katika vitongoji vinavyozunguka Parramatta na Blacktown. Wengi wao hawakufika kwa mashua na hawakupitia Villawood. Walifika kwa ndege, wakiwa na viza za mpango wa kibinadamu, baada ya miaka mingi Kakuma, Dadaab au Nyarugusu. Katika siasa za Australia watu hawa mara nyingi walitajwa kama waliosubiri foleni kwa adabu, ili wale wa mashua waonekane wameiruka. Mwimbaji anapodai watu wafunguliwe, mkimbizi wa namna hii amsikilize vipi? Nadai kwamba ana haki ya kuudai wimbo kuliko mchezaji yeyote wa klabu. Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka uleule wa sheria ya Australia ya kuwazuilia watu, na Kenya nayo imewataka wakimbizi wakae kambini na kuomba ruhusa kila wanapotaka kutoka. Mtoto aliyezaliwa kambini na kukulia humo anajua marudio yasiyo na tarehe ya mwisho. Hahitaji kuelezwa kwa nini pigo la ngoma linambana.

Isitoshe, viza haikumkinga na kusemwa. Oktoba 2007, wiki chache tu kabla ya "My People" kutoka, Waziri wa Uhamiaji Kevin Andrews alitetea kupunguzwa kwa idadi ya wakimbizi kutoka Afrika akisema kwamba baadhi ya makundi hayakuonekana kuyazoea maisha ya Australia haraka kama ilivyotarajiwa. Waliolengwa hasa ni Wasudani, lakini kila Mwafrika alijua kwamba barabarani hakuna anayeuliza pasipoti kabla ya kumtazama mtu vibaya. Wimbo ulizaliwa katika msimu huo. Katika mapitio ya albamu niliyoyasoma, jina la waziri huyo halitajwi kabisa, na jambo hilo linanisikitisha: muziki uliwekwa kwenye kurasa za burudani na wakimbizi kwenye kurasa za siasa, kana kwamba hawaishi katika jiji moja.

Huenda msomaji akadhani kwamba muziki wa kielektroniki, kwa kuwa hutengenezwa kwa mashine na vijana wachache chumbani, hauwezi kupata mtu wa kuutunza kama taarabu. Mfano wa Nairobi unaondoa shaka hiyo. Mwaka uleule wa 2008, Kenya ikiwa bado inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi, kundi la Just A Band lilitoa albamu yake ya kwanza, Scratch to Reveal, kisha 82 mwaka 2009. Video ya wimbo "Ha-He", iliyotoka Machi 2010, ilimwonyesha shujaa wa mtaani aitwaye Makmende, jina ambalo watoto wa Nairobi walikuwa wakilitumia kutaniana tangu zamani. Wakenya hawakungoja wahakiki. Walitengeneza mabango, majalada bandia ya magazeti na misemo isiyohesabika kuhusu nguvu za Makmende, wakaisambaza mtandaoni hadi vyombo vya habari vya nje vikaja kuuliza kulikoni. Huko ndiko kutunza kwa enzi ya intaneti: hadhira ilitembea mbele na kuuchukua wimbo, kwa sababu shujaa alikuwa wao tangu utotoni. Just A Band hawakuwa wakisema kwa niaba ya watu walio mbali. Walirusha jina, na waliolijua wakalidaka.

Simtumii Makmende kuwabeza The Presets. Kusema kwa niaba ya aliyefungiwa kuna thamani yake, hasa pale ambapo yeye mwenyewe amenyimwa jukwaa, na mwaka 2007 si wanamuziki wengi wa dansi duniani waliothubutu kuiweka sera ya uhamiaji katikati ya sakafu ya kuchezea. Ninachosema ni kwamba kazi yao iliacha nafasi mbele ya jukwaa, na nafasi hiyo ina wenyewe. Katika vitongoji vinavyoizunguka Westmead wapo vijana wanaojua Kiswahili cha kambini, Kiingereza cha shule za Parramatta na programu za kutengenezea midundo. Idara zetu za muziki na fasihi, kuanzia Dar es Salaam hadi Kenyatta, zimezoea kuwatafuta wasanii wa Kiswahili Unguja, Mombasa na Lubumbashi. Naziomba zifike huko pia, zikusanye wanachokitunga na kukijadili kama sehemu ya fasihi yetu, kabla hakijaandikwa na wengine kwa jina la burudani za wahamiaji. Zikianza kazi hiyo, zianze na sheria iliyoubana wimbo ule, maana nayo imebadilika: tarehe 8 Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Australia ilitengua uamuzi wa Al-Kateb na kutamka kwamba mtu asiye na matarajio ya kweli ya kuondolewa nchini katika siku za usoni zinazoweza kutabirika hawezi kuendelea kuzuiliwa. Kituo cha Villawood bado kinafanya kazi.