Shilingi ya Serikali Huzaa Nini?

Shemeji yangu anauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya serikali. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, tulikuwa kwake tukitazama taarifa ya habari. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, serikali haijawahi kuzalisha hata sindano. Inachukua kwangu, inakupa wewe. Basi."

Alisema kwa utani, lakini nilienda kulala neno lake likinichoma. Mshahara wangu ni kodi, hilo siwezi kulikana. Miaka yote nimejihesabu kuwa mtu anayeongeza kitu katika nchi hii. Kwani kumbe mimi ni mzigo tu ambao shemeji anaubeba pamoja na marobota yake? Nikaona nitafute jibu pale ninapojua kutafuta, yaani katika historia yetu wenyewe.

Tuanze na kodi ya nyumba, si ile unayomlipa landilodi. Mnamo 1901 Waingereza walitangaza kodi hiyo katika Himaya ya Afrika Mashariki. Nyanza yetu, ambayo wakati huo ilihesabiwa upande wa Uganda, ilihamishiwa huku 1902. Kila nyumba ilitozwa, hivyo mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Mwanzoni maafisa walipokea hata mbuzi, lakini walichotaka hasa ni rupia. Na rupia haikuoteshwa shambani pamoja na mtama. Ilibidi uuze kitu, au ukamfanyie mtu kazi. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa ili kuwanasa vijana ambao hawakuwa na nyumba zao.

Je, watu hawa walikuwa wamekaa bure kabla ya kodi? La hasha. Walilima, walivua, walifuga, walifua vyuma. Hiyo yote ilikuwa mali, ila haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Kijana alipoacha shamba la mama yake akaenda kupalilia kahawa ya mlowezi, daftari la serikali lilionyesha kwamba uchumi umekua. Kahawa ilionekana bandarini. Mtama ambao haukupandwa haukuonekana popote. Wala hii si dhana yangu. Tume ya kazi ya 1912 na 1913 iliwasikia walowezi wakieleza waziwazi kwamba kodi ipandishwe ili Waafrika walazimike kutoka kwenye maeneo yao kutafuta ajira.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 kodi hiyo ilikuwa imefika shilingi 16, na walowezi wakati huohuo wakapunguza mishahara kwa thuluthi moja. Harry Thuku akasimama kupinga kodi, kipande na mishahara hiyo. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikufa pale. Baadaye kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Walowezi wenyewe walipambana na kodi ya mapato hata ikafutwa, na haikurudi kwa kudumu mpaka 1937. Kwa hiyo hapa shemeji yuko sawa: mali haikuumbwa, ilihamishwa tu, na iliyohamishwa kwanza ilikuwa nguvu za watu.

Lakini kuna reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika mahali palipoitwa Nairobi 1899 na ukingo wa ziwa letu Desemba 1901. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, fedha za mlipa kodi wa Uingereza, ambaye wengi wao hawakuwahi kuiona Mombasa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa. Hakuna mfanyabiashara aliyekuwa tayari kuweka pesa zake pale. Hata hivyo reli ilizaa vitu halisi. Mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani kwa miezi ukaanza kusafiri kwa siku. Nairobi ilizaliwa kama kambi ya reli, na Kisumu ikawa bandari. Mimi na shemeji tunakula leo katika mji uliokuzwa na pesa za serikali.

Tukisimama hapo, ningekuwa nimeshinda. Tatizo ni kwamba reli ilikuja na sheria. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa walowezi njia ya kumiliki nyanda za juu zilizopitiwa na reli, na kahawa ikawa zao ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kulipanda hadi miaka ya 1930, tena wachache tu, katika maeneo kama Kisii, Meru na Embu. Matumizi ya serikali yalizalisha mali, lakini mkono wa pili wa serikali hiyohiyo uliwazuia wengi kuigusa.

Ndiyo sababu mpango wa Swynnerton wa 1954 unanisumbua zaidi kuliko yote. Vita vya Mau Mau vikiendelea, Uingereza ilitoa pauni milioni 5 kwa kilimo cha Waafrika: mabwana shamba, miche, maji, hati za ardhi. Mauzo ya mashamba ya Waafrika yalikuwa takriban pauni milioni 5 mwaka 1955, na kufikia 1964 yalikuwa karibu milioni 14. Nani alileta ongezeko hilo? Pesa za serikali zilisaidia, sikatai. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kahawa, zao lilelile ambalo serikali ilikuwa imewakataza. Ukimfunga mtu miguu miaka 30, kisha ukamfungua na kumpa fimbo, usidai mwendo wote ni wa fimbo. Na wengine walitoka vizuizini wakakuta mipaka ya mashamba yao imechorwa upya wakiwa ndani.

Baada ya uhuru, mamlaka ya chai, KTDA, iliundwa 1964. Mkulima mwenye vichaka vichache hawezi kujenga kiwanda, na majani yakikaa bila kusindikwa yanaharibika. Mamlaka ilikusanya majani, ikajenga viwanda na kumkopesha mkulima miche na mbolea. Leo wakulima wadogo wanazalisha zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Hapo naona serikali ikifanya lile ambalo mtu mmoja hawezi, kisha ikimwacha mwenye shamba aendelee na kazi yake.

Sasa weka Goldenberg kando ya chai hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliilipa kampuni hiyo nyongeza ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haina almasi na dhahabu yake ni haba. Hizo nazo ziliitwa matumizi ya serikali. Shilingi ilitoka hazina vilevile kama ile ya chai, ila upande wa pili hapakuwa na kitu, na bei zilizopanda zikalipwa na wananchi.

Kwa hiyo shilingi ya kodi haina uzazi wala utasa wake yenyewe. Mimi naipima kwa maswali mawili. Ikishatumika, kumebaki kitu gani ambacho mtu anaweza kukitumia kesho? Na ili kipatikane, nani alinyang'anywa au kukatazwa nini?

Nilimpelekea shemeji maelezo haya Jumapili moja. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na reli mpya je?" Nikamwambia ukweli. Tangu 2013 bidhaa zinazoingizwa nchini, mitumba yake ikiwemo, zimetozwa ushuru wa kujengea reli, ulioanza kwa asilimia 1.5. Treni ilianza kwenda kati ya Mombasa na Nairobi 2017. Mwaka 2019 njia ikaishia Naivasha, kabla ya kufika Kisumu.

"Nimelipia, na haikunifikia," akasema.

"Umelipia," nikakubali.

Wakati huo binti yake alikuwa mezani akifunga hesabu za wiki: marobota mangapi yameingia, nani anadaiwa, faida ni kiasi gani. Shemeji mwenyewe hakupita darasa la nne. Binti alisoma shule ya msingi ya serikali bila karo, mpango ulioanza 2003, akafundishwa na walimu wanaolipwa kama mimi. Nikamwonyesha kwa kidevu, bila kusema neno.

Akamtazama, akacheka. "Hiyo nakubali, mwalimu. Sasa niletee risiti za zile zingine."